Siku Tatu za Kungoja Kuulizwa

Jamani, tangu nirudi sina raha. Nikikaa kwenye cherehani, mtu anasimama barazani: "Mama Shabani, bahari umeiona? Ikoje?" Nikienda sokoni, hivyo hivyo. Hata fundi viatu wa pale kona, ambaye salamu yangu huiitikia kwa shida, juzi kaniuliza kama ni kweli kule samaki analiwa na macho yake. Basi nimekaa nimeandika, niwatumie wote kwenye simu. Atakayeniuliza tena nitamwambia akasome.

Idrisa mnamjua, mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea tangu hajaota meno. Ni dereva kwenye ofisi moja kule Mtumba. Kwenye ofisi hiyo kuna karani anaitwa Mwanaidi, na hao wawili walishapendana muda mrefu, mimi nikijifanya sioni. Mwezi uliopita Idrisa akaja kwangu amekonda uso. Bibi yake Mwanaidi, Bi Zena, aliyemlea na ambaye neno lake ndilo neno la nyumba, ana posa nyingine mkononi, ya watu wa Korogwe, na majibu atayatoa Ijumaa. Mwanaidi anaona haya kumwambia bibi yake kwamba ana mtu. Kwa hiyo posa yetu ilitakiwa ifike kijijini kwao, Kichangani, kabla ya Ijumaa hiyo, la sivyo mtoto wangu amekosa mke.

"Mwambie Mwanaidi ampigie bibi yake simu aseme kuna mgeni anakuja," nikamwambia Idrisa. "Mengine aniachie mimi." Kauli hiyo ikumbukeni.

Dodoma mpaka Gairo

Niliondoka Jumanne saa kumi na mbili asubuhi. Barua ya posa nimeifunga kwenye leso nyeupe, nimeibana kwa pini ndani ya gauni, na kila baada ya dakika tano naipapasa kama imo. Miguuni nina kikapu cha zabibu, kilo sita, nimezichagua mwenyewe kwa mkulima. Nani aende ugenini kutoka Dodoma bila zabibu?

Sikuwa nimelala vizuri. Gari likisimama kupakia mtu naona linachelewa, likikimbia naona litatuua. Tulipofika Gairo dereva akaegesha pembeni, akashuka, akazunguka gari, akasimama ameshika kiuno. Tairi mbili za nyuma zimepasuka kwa mpigo. Ikabidi zingine zifuatwe, na hakuna aliyejua zinatoka wapi.

Tulikaa pale saa tatu. Wenzangu walikula mahindi ya kuchoma, wakanunua vitunguu, wakapiga soga. Mimi nilikuwa natembea kutoka gari mpaka barabarani, barabarani mpaka gari. Mzee mmoja mwenye baraghashia alikuwa amekaa juu ya begi lake akinitazama tu.

"Mwanangu, unakwenda wapi na haraka hiyo?"

Aliniuliza mara moja tu, nikammwagia yote: Idrisa, Mwanaidi, watu wa Korogwe, Ijumaa. Sikubakiza kitu. Akacheka mpaka akakohoa. "Mshenga gani anamwaga posa njiani?"

"Wewe umeuliza," nikamwambia. "Mshenga akiulizwa anasema."

Na hapo niwaeleze jambo, maana ndilo lililonitesa safari nzima. Ninyi mnajua kwamba sisi wa ukoo wetu pale Dodoma tunajiita watu wa pwani. Babu wa babu yangu alikuja na misafara, akaoa, akabaki. Bahari hatujaiona, lakini adabu za pwani, baba alikuwa akisema, tumezishika zote. Baba alikuwa mshenga wa mtaa mzima, na alitufundisha mambo matatu. Mshenga hasemi neno lake mpaka mwenye nyumba amuulize amejia nini. Mshenga hali chakula cha nyumba aliyoijia mpaka neno lake lipokelewe, maana ukila umekuwa mgeni tu, na mgeni hana posa. Na zawadi haitoki mpaka neno litoke.

Msidhani nalishika jambo hili kwa ushamba. Nilipokuwa msichana, kijana mmoja anaitwa Salimu alinitumia mshenga. Mshenga mwenyewe alikuwa na papara, akasema neno lake mlangoni kabla hajaulizwa wala hajakaa. Baba akamrudisha pale pale. Salimu akaoa Kondoa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimesikia yote. Baadaye nikaolewa na baba Shabani, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema. Lakini miaka yote hii najua kwamba neno likiwahishwa linaua.

Gairo mpaka Muheza

Sina la kuwaambia hapa. Morogoro tulipita nimefumba macho, Chalinze nilikula chapati baridi, Segera nikaanza kuhesabu minazi nikachoka. Muheza tukafika jua linazama. Nikalala nyumba ya wageni, nikiwa nimekumbatia kikapu kwa sababu mhudumu alikuwa anazikodolea macho zabibu zangu.

Mto Pangani

Jumatano asubuhi nikapanda gari dogo mpaka Pangani mjini. Kutoka hapo lazima uvuke mto kwa pantoni, na upande wa pili ndiko kwenye njia ya Kichangani.

Pantoni lilikuwa ng'ambo, na foleni ni ndefu. Mbele yetu kulikuwa na lori la ng'ombe, na ng'ombe mmoja aligoma kusogea. Wakamsukuma, wakamvuta mkia, wakambembeleza. Nikasema, Mola wangu, posa ya Idrisa inakufa kwa sababu ya ng'ombe.

Mama muuza maandazi akanionyesha kwa kidole: "Ile pale bahari, bibi." Nikageuka. Ndiyo, niliiona. Kubwa. Mnataka niseme nini? Moyo wangu ulikuwa kwenye lori. Nilikwenda ukingoni nikachovya kidole nikalamba, nikaona ni yale yale maji ya bomba letu kipindi kile yalipoharibika, chumvi imezidi kidogo tu. Nikarudi kwenye foleni.

Ng'ombe akakubali saa tano. Tukavuka. Bodaboda akanipeleka Kichangani kwa njia ya mchanga, mara mbili tukaanguka taratibu, bila kuumia, zabibu zikiwa mapajani.

Kichangani, Jumatano

Nyumba ya Bi Zena ni ya matofali ya mawe, ina baraza pana na mwembe wa dodo nyuma. Nikapiga hodi tatu, nimesimama wima, nguo nimeikung'uta.

"Karibu, karibu! Ndiye mgeni wetu wa Dodoma?" Aliyetoka ni Mama Swaumu, mke wa baba mdogo wake Mwanaidi. Mumewe anafanya kazi Tanga, huja mwisho wa mwezi. Mwanamke mrefu, miguu ya kutembea, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Nyuma yake akaja Bi Zena mwenyewe, mwembamba, macho makali, ushungi mweupe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetembea salama?"

"Salama, Bibi. Tumefika."

Nikakaa kwenye mkeka, mikono mapajani. Sasa ataniuliza. Bi Zena akaniuliza habari za mvua. Akaniuliza habari za wajukuu. Akaniuliza kama Dodoma bado kuna vumbi. Kisha tukatazamana tukitabasamu kama watu wanaopigwa picha. Mama Swaumu akaingia na sinia: wali wa nazi, changu wa kupaka, mchicha. Harufu ile sitaisahau. Tangu Chalinze sikuwa nimetia kitu cha maana tumboni.

"Karibu chakula."

"Ahsanteni sana. Nimeshiba."

Wakatazamana. "Umeshiba nini, mwanangu, na umetoka safarini?" akasema Bi Zena.

"Maji yatatosha, Bibi. Nashukuru."

Sinia likakaa mbele yangu mpaka likapoa, likaondoka. Hakuna aliyeuliza. Nikajipa moyo kwamba wanasubiri jioni. Jioni ikaja na mkate wa kumimina na chai ya tangawizi. Nikasema nimeshiba. Bi Zena akaniombea kwa Mungu tumbo lipone.

Usiku huo nikalala na njaa, kikapu cha zabibu nimekisukuma chini ya kitanda. Joto la kule si la kwetu. Ni joto la sufuria lenye mfuniko.

Alhamisi: pweza na makumbi

Asubuhi Mama Swaumu akanigongea mlango. Amejifunga kanga mbili, ana ndoo. "Haya Mama Shabani, twende. Maji yamekupwa. Leo utaona kila kitu!"

Nimekuja kuona? Lakini nikafikiri labda ni adabu yao, wanampitisha mshenga kwanza wamtazame mwenendo. Nikamfuata.

Basi ninyi mnaotaka kujua cha kuona Kichangani, someni hapa. Maji yakikupwa, bahari inaondoka kabisa. Inaacha uwanja wa mawe na majani mpaka mbali kule, na wanawake wanauingia kama sisi tunavyoingia shambani. Wana fimbo za chuma, wanachokonoa kwenye matundu ya mawe. Mama Swaumu alichokonoa mara mbili, akatoa pweza ananing'inia mkononi kwake mikono yote minane. Akampiga juu ya jiwe huku anaongea nami kuhusu bei ya sukari.

"Kamata!"

Nikapiga kelele zikasikika Zanzibar. Wanawake wote wakacheka. Wakaniita Bibi Nchi Kavu, na jina likanishika mpaka naondoka. Nikawajibu kwamba kwetu chakula hakikumbatii mtu, wakacheka zaidi. Kwa nusu saa hivi nilisahau barua. Nikaipapasa, nikakumbuka. Kesho Ijumaa.

Viatu vyangu nilikuwa nimeviacha juu ya jiwe kavu, nikivitazama kutoka mbali. Mtu akapiga kelele, "Yanajaa!" wote wakaanza kurudi. Mimi nikaona maji yako kule, hayana haraka. Nikaenda kwenye jiwe langu kwa mwendo wa mtu mzima. Jiwe halikuwepo. Mnajua sisi, kwetu ukiweka kitu chini asubuhi jioni unakikuta, labda kimefunikwa vumbi. Nikarudi Kichangani peku, nimelowa mpaka kiunoni.

Tukapita kwenye tope la mikoko. Huko wanafukia makumbi ya nazi miezi na miezi, yaoze, halafu wanayafukua na kuyaponda, wasokote kamba. Harufu yake nawaachia wenyewe. Bibi mmoja amekaa anasokota, mguu umenyooka, mikono inakwenda bila yeye kuitazama. Akasema kamba ikitengenezwa haraka inakatika. Nikamwona kama ananisema mimi, nikanuna bure.

Njiani, Mama Swaumu aliposimama kuongea na shoga yake, mimi nikaona meza ya mchoma pweza. Jamani, njaa. Karibu siku mbili. Na hii si nyumba ya Bi Zena, hii ni meza ya mtu mwingine. Baba hakukataza meza. Nikala sahani mbili, kwa ndimu na pilipili, nimesimama, nimewapa watu mgongo. Nikafuta mdomo.

Nyumbani Bi Zena amenipikia uji wa mchele, wa mgonjwa. "Jaribu hata vijiko viwili, mwanangu."

"Nimeshiba, Bibi."

Nilimwona macho yake. Aliniangalia, akaangalia doa la pilipili kwenye kanga yangu, akanyanyua bakuli lake akaondoka. Kwa nini hamniulizi? Nilitaka kupiga kelele. Niulizeni basi! Nikatoka barazani, nikaingia ndani, nikatoka tena. Nilifika mpaka mlango wa chumba chake, mkono umeinuka kubisha. Nikamwona baba, nikamwona yule mshenga wa Salimu akiteremka ngazi zetu amebeba barua yake. Nikashusha mkono.

Ijumaa: chumvi

Ijumaa asubuhi Mama Swaumu alinitoa mapema mno. "Leo tunakwenda mbali. Mashamba ya chumvi, halafu magofu."

"Mama Swaumu, leo nipumzike. Nikae na Bibi kidogo."

"Aka! Utakuja pwani usione magofu? Twende!" Akanishika mkono kabisa. Nyuma yetu nikasikia mtu anafagia baraza, na sufuria kubwa linaburuzwa uani.

Mashamba ya chumvi ni mazuri, sikatai. Wanayaingiza maji ya bahari kwenye viwanja, wanayafungia, jua linafanya kazi, kinabaki cheupe wanakikusanya kwa reki. Kwetu Wagogo wa kule Bahi huchuja chumvi kwenye udongo, kazi ya siku nzima upate kibakuli. Mzee wa chumvi akataka kunieleza kila kiwanja, na viwanja ni vingi kama mitaa. Kutoka hapo, magofu: msikiti wa kale umebaki mihrabu na kuta, na makaburi yenye nguzo, mizizi imeyakumbatia. Mama Swaumu akasema wamelala hapo watu waliokuwa wakipeleka misafara bara. Nikasimama. Nikafikiri pengine babu wa babu yangu aliwahi kuswali hapa. Nikataka kumwambia, "Mzee, adabu zenu tumezishika, lakini zinaniua." Badala yake nikasema, "Turudi."

"Bado kuna kisima cha—"

"Turudi, Mama Swaumu!"

Tuliporudi swala ya Ijumaa imekwisha. Barazani kuna viatu. Vingi, vya wageni, vimepangwa. Harufu ya pilau imejaa njia nzima. Sebuleni, juu ya mkeka mpya, kuna wanaume watatu na mwanamke mmoja wa makamo, mnene, uso mpole, na mbele yake sinia limefunikwa kitambaa chekundu chenye shada.

Nilijua hilo ni sinia gani. Watu wa Korogwe. Nilipelekwa kwenye chumvi ili nisikae njiani shughuli ikifanyika.

"Mgeni wetu huyu wa Dodoma," Bi Zena akawaambia. "Njoo mwanangu, kaa, ule na wenzako."

Pilau likapakuliwa. Wote wananitazama. "Nashukuru, Bibi. Nimeshiba."

Yule mama wa Korogwe aliacha tonge hewani. Kama mgeni wa nyumba anakikataa chakula cha nyumba, chakula kina nini? Bi Zena akainuka taratibu. Akanishika kiganja, ana nguvu yule bibi, akaniingiza chumbani kwangu akafunga mlango.

"Siku tatu!" akasema. "Siku tatu unakataa chakula changu. Nimekupikia wali, nimekupikia uji. Kumbe pweza wa barabarani unakula, nimeambiwa sahani mbili! Na chumba hiki kinanuka pombe tangu jana. Pombe, kwenye nyumba yangu! Leo umeniaibisha mbele ya watu. Wewe mwanamke, hasa umekuja kufanya nini hapa kwangu?"

Nikaketi kitandani, nikaanza kulia.

"Ahsante, Bibi," nikasema. "Tangu Jumatano naomba Mungu uniulize."

Nikatoa pini, nikatoa leso, nikaiweka kwa mikono miwili kiganjani mwake. Nikamwambia yote kama nilivyomwambia yule mzee wa Gairo. Nikavuta kikapu chini ya kitanda. Zabibu zilikuwa zimechacha, povu juu, ndizo zilizokuwa zikinuka.

Bi Zena alikaa na barua bila kuifungua. "Sasa kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza, Bibi."

"Nikuulize? Mgeni hajala, namuulizaje alichojia? Nimfukuze? Huku mtu anakula kwanza, analala, neno baadaye. Na wewe huli!"

"Mshenga hali, Bibi, mpaka neno lipokelewe. Adabu ya pwani."

"Pwani ya wapi?"

"Ya kwenu. Tuliondoka nayo hapa."

Akanikazia macho. "Huku haipo, mwanangu. Sijaisikia tangu nizaliwe."

"Basi tuliiokota njiani," nikasema, na hata katika machozi yale nilijisikia nacheka, naye mdomo ukamcheza. Kisha akawa mkali tena. "Mwanaidi alipiga simu, akasema kuna mama wa Dodoma hajawahi kuona bahari, anakuja kutembea. Mumtembeze, akasema. Ndiyo tumekutembeza!"

Nikaelewa. Haya zilimshinda mtoto wa watu, na mimi nilisema mengine aniachie.

"Hao nje umeshawajibu?" nikauliza.

"Bado. Nilikuwa nangoja wamalize kula."

Akachukua simu yake ndogo, akampigia Mwanaidi, akaiweka kwenye sauti kubwa. Kule Mtumba ilikuwa saa ya chakula, nikasikia vijiko na watu.

"Mwanaidi. Nina barua mbili hapa. Moja ya Korogwe, moja ya Dodoma. Kwa nini hukuniambia?"

Halafu sauti ndogo: "Bibi, kwani uliniuliza?"

Mimi niligeuka ukutani. Sikuwa nalia kwa ajili ya Idrisa wakati huo, nawaambia kweli. Nililia kwa ajili ya msichana mmoja nyuma ya pazia, mtaani kwetu Chang'ombe, Dodoma, zamani. Baba alimtaka mshenga angoje kuulizwa. Mimi hakuniuliza.

Bi Zena naye alikuwa ameinamisha kichwa. "Haya mjukuu wangu," akasema polepole. "Sasa nakuuliza."

"Namtaka Idrisa, Bibi."

Bi Zena akakata simu, akajifunga ushungi vizuri, akatoka sebuleni. Sikusikia aliyoyasema, alisema chini. Nilisikia tu sauti ya yule mama wa Korogwe ikijibu, "Hakuna neno, Bibi. Hakuna neno kabisa." Baadaye viatu vikapungua barazani.

Akarudi na sahani ya pilau imepoa.

"Neno langu limepokelewa, Bibi?"

"Limepokelewa. Kula kabla sijabadilisha mawazo."

Nilikula mpaka akaniambia nipumue.

Kurudi

Jumapili nikapanda basi Muheza, nina viatu vipya vya kandambili na furushi la pweza mkavu. Kiti cha pembeni yangu akakaa mwanamke mnene mwenye uso mpole, amebeba sinia limefungwa kwenye kanga. Tukatambuana kwa sura. Hakujua zaidi ya hapo. Bi Zena hakuwa amewaambia posa ya pili ni ya nani, wala imeletwa na nani.

"Mgeni wa Dodoma! Tumbo limepona?" akaniuliza.

"Limepona, dada. Nanyi mlibaki?"

"Nililala kwa ndugu zangu Muheza. Sikuwa na hamu ya kufika nyumbani." Akalipapasa sinia. "Ni mtoto wa dada yangu. Kijana mtulivu. Sijui nitaanzaje kumwambia." Akanigeukia. "Na wewe, kule ulikuwa na shughuli gani?"

Aliniuliza hivyo hivyo, bila mzunguko. Siku tatu nilililia swali lile. Midomo ilifunguka, neno lipo tayari, nikamtazama mikono yake juu ya kanga.

"Nilikwenda kutembea tu," nikasema. "Sijawahi kuona bahari."

"Umeiona vizuri?"

"Nimeiona."

Akafungua kona ya kanga, akakata kipande cha halua iliyorudishwa, akanipa. "Kula basi. Itaharibika bure." Nilikula. Ilikuwa tamu. Alishuka Segera apande gari la Korogwe, nikamsaidia kuteremsha sinia, akanishukuru sana.

Kutoka hapo mpaka Dodoma sikusinzia hata kidogo. Idrisa alikuwa ananisubiri stendi tangu alasiri, nguo zimepigwa pasi. Mwanaidi alikuwa hajamwambia kitu. Kasema habari ya posa aipate kwa mshenga wake. Akanisalimia, akachukua furushi, akaniuliza kama barabara ilikuwa nzuri, kama Gairo tumekula. Akatembea pembeni yangu, macho chini, anapumua kwa shida, na hakuuliza. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nikasimama katikati ya stendi, watu wanatupita na mizigo yao.

"Niulize, Idrisa," nikamwambia. "Mwanangu, niulize!"